Wasaa wa Nafsi: Mapumziko na Kujitunza Katika Unguja Wakati wa Kwisha kwa Utumwa

Methali mashuhuri husema, Baada ya dhiki faraja. Mpango wake ni dhahiri: dhiki hutangulia, faraja hufuata, na aliyemo dhikini hupewa shauri la kusubiri. Lakini historia ya kisiwa cha Unguja, tangu mwaka 1869 hata kadiri ya mwaka 1930, hutoa ushahidi wa namna nyingine. Katika miaka hiyo, ambayo hakuna aliyejua kesho yake itakuwaje, watu wengi wanyonge hawakuingoja dhiki iishe ndipo wajipumzishe. Walitenga siku, saa na mahali pa kuoga, kuvaa, kuzungumza, kucheza na kusikiliza, na wakavilinda vitu hivyo kama mtu alindavyo mali. Wenye mamlaka aghalabu waliuita mwenendo huo uvivu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa wasaa huo ulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe, na kwamba kwa mtu aliyepata kuwa mtumwa swali la kwanza la uhuru lilikuwa ni nani mwenye saa zake.

I. Miaka ya mashaka

Mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1865 alipata kuona mengi kabla hajatimiza miaka 33. Katika utoto wake kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliingia mjini kikaua watu kwa maelfu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao mjini. Mwaka 1890 nchi ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, katika ugomvi wa kurithi kiti cha ufalme, manowari za Kiingereza zilipiga jumba kwa mizinga kwa muda wa dakika 40 hivi, na watu kadiri ya 500 wakauawa au kujeruhiwa. Miezi saba na siku kadha baadaye, tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Muhammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba.

Kila tukio katika hayo limeandikiwa vitabu. Lakini yakitazamwa pamoja, kama yalivyompata mtu mmoja katika umri wake, yanaonyesha hali ya mashaka ambayo haikumpa mnyonge nafasi ya kupanga mambo ya mbali. Maradhi yalikuja bila taarifa. Shamba lililoangushwa na tufani lilitaka kupandwa upya, na mikarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mikono iliyotakiwa kwa kazi hiyo ilikuwa ya watumwa. Bwana aliyefilisika aliweza kuuza mashamba na watu wake, na jamaa wakatawanyika. Katika hali kama hiyo mtu alichoweza kukidai kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa karibu: siku ya kesho kutwa, jioni ya leo, maji ya kuoga, nguo safi.

II. Alhamisi na Ijumaa

Katika mashamba mengi ya karafuu palikuwa na ada iliyojulikana na wote. Mtumwa alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zake. Tena alipewa kipande cha ardhi apande mhogo na vyakula vingine, na kilichozidi chakula chake aliweza kukiuza. Ada hiyo haikuwa fadhila tupu. Bwana aliepukana na gharama ya kuwalisha watu wake, na mtumwa mwenye shamba lake dogo hakuwa mwepesi wa kutoroka. Lakini jambo lililowekwa kwa faida ya bwana laweza kugeuka haki machoni pa mtumwa likidumu muda mrefu. Kabla ya mwaka 1897 siku mbili zile zilikwisha kuwa kama mpaka wa shamba: bwana aliyeuvuka alihesabiwa mdhalimu, na watumwa walikuwa na njia zao za kumjibu, kama kufanya kazi kwa ulegevu au kukimbia.

Yafaa ieleweke kwamba siku hizo hazikuwa za kulala. Asubuhi ya Alhamisi mtumwa alishika jembe kama siku nyingine. Tofauti ilikuwa kwamba jembe lile lililima mhogo wake, na kwamba saa ya kuliweka chini aliichagua mwenyewe. Baada ya hapo palikuwa na maji, nguo, ziara kwa ndugu wa shamba la pili, na ngoma. Mapumziko katika maana hiyo hayakuwa kinyume cha kazi. Yalikuwa kinyume cha kuamrishwa.

Mjini mambo yalikuwa mbali kidogo. Huko watumwa wengi walikodishwa kwa siku katika bandari na maghala, nao walipewa hati ndogo ya kuonyesha kazi waliyofanya. Hati hiyo, yaani barua ndogo, ndiyo iliyozaa neno kibarua, ambalo kwanza lilikuwa jina la karatasi, kisha likawa jina la mtu aichukuaye, na mwisho jina la kazi yenyewe. Kibarua alimpa bwana wake fungu la ujira, na saa zilizobaki baada ya mzigo wa mwisho zilikuwa zake. Mtumwa wa nyumbani ndiye aliyekuwa mbali kabisa na neema hii. Chakula chake kilikuwa bora kuliko cha shamba na kazi yake huenda ilikuwa nyepesi, lakini aliitwa usiku na mchana. Hakuwa na Alhamisi wala Ijumaa. Kwa hiyo cheo cha watumwa hakiwezi kupimwa kwa uzito wa kazi peke yake. Hupasa kupimwa pia kwa saa ambazo mtu hakuweza kuitwa.

III. Amri ya mwaka 1897 na neno uvivu

Amri ya mwaka 1897 haikumfungulia mtumwa mlango moja kwa moja. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na bwana wake aliweza kulipwa fidia. Juu ya hayo, aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kupatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa katika hali yao. Mwanamke wa namna hiyo aliweza kudai kuachiliwa kwa sababu ya ukatili tu, na mambo yakabaki hivyo mpaka amri nyingine ilipotolewa mwaka 1909.

Sharti la makazi na riziki lilikuwa na shabaha yake. Mapato ya serikali yalitegemea karafuu, na karafuu hazingoji: kikonyo hutakiwa kuchumwa kabla ua halijafunuka, na shamba lisilopaliliwa humezwa na majani. Maofisa waliogopa kuwa watu walioachwa huru wangeacha kazi. Mengi ya waliyoyaogopa hayakutokea, lakini jambo moja lilitokea. Wengi wa waliopewa uhuru, na wengi ambao hawakwenda mahakamani lakini walijiona huru, walikaa katika mashamba yaleyale kwa masharti mapya. Walikubali kumfanyia mwenye shamba kazi ya siku kadhaa katika juma, wakapata mahali pa kujenga na kulima. Walilolikataa ni juma zima. Kazi ya kupalilia ikalazimu kutafutiwa watu wengine, na miongoni mwao walikuwa Wanyamwezi waliovuka kutoka bara.

Hapo ndipo neno uvivu lilipopata kazi kubwa katika midomo ya wakubwa. Kwa ofisa, mtu aliyeweza kupata ujira wa siku sita akaridhika na wa siku tatu alikuwa na upungufu wa akili au wa tabia. Kwa mtu mwenyewe hesabu ilikuwa nyingine. Kabla ya amri alikuwa na siku mbili. Ikiwa uhuru haukumwongezea hata moja, basi alikuwa ameongezewa nini? Alizidai siku kwa sababu siku ndizo alizokuwa akizihesabu tangu zamani. Mtu aliyelima kwa mwenye shamba siku tatu, akalima kwake siku mbili, kisha akakaa siku mbili na watoto wake, hakuwa mvivu kwa kipimo chochote isipokuwa kile cha mwenye haja na mikono yake.

IV. Mwili na nguo

Si siku tu zilizochukuliwa. Mwili nao ulichukuliwa upya. Katika siku za utumwa mavazi yalitangaza cheo kabla mtu hajafumbua mdomo. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki au merikani chini ya makwapa, na mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Baada ya mwaka 1897 watu walioacha mashamba walihamia Ng'ambo, mtaa uliokuwa mashariki ya mji wa mawe, ng'ambo ya hori ambayo baadaye ilifukiwa. Huko, katika nyumba za udongo na makuti, kaniki ilianza kuachwa. Kanga, iliyokwisha kuonekana pwani katika miaka iliyotangulia amri, ikawa vazi la kila mwanamke aliyeweza kununua jozi. Baadaye buibui nayo ikavaliwa na wanawake ambao mama zao wasingethubutu. Wanaume walivaa kanzu na kofia.

Wageni wengi waliona katika jambo hili kupenda anasa, nao walishangaa kuwa mtu maskini atumie ujira wake kwa nguo. Lakini nguo ilikuwa mwisho tu wa kazi ndefu ya kuutunza mwili. Kabla yake palikuwa na kuoga, kusugua kwa singo na liwa, kupaka mafuta ya nazi, kusuka nywele, kutia wanja na hina, kufukiza nguo kwa udi, na kuvaa kikuba cha asumini na rehani. Mambo hayo yalitaka saa nyingi, na mengi yake hayafanyiki na mtu mmoja: asukwaye humtaka msusi, na apakwaye hina hukaa mikono ikiwa haina kazi mpaka ikauke. Mwanamke aliyekaa hivyo alasiri nzima alikuwa akionyesha kuwa hakuna aliye na amri ya kumwinua. Makungwi, ambao katika unyago waliwafundisha wasichana adabu, usafi na mambo ya unyumba, waliurithisha utunzaji huo kama elimu. Katika Ng'ambo elimu hiyo iliwakusanya wanawake wa asili mbalimbali, Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo, ambao walikuwa wameletwa kisiwani bila jamaa, na sasa walikuwa wanajifanyia jamaa mpya.

Tajiri naye alikuwa na mahali pake. Sayyid Said alijenga nyumba ya kuogea huko Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, alijenga Hamamni katikati ya mji, ambamo waliokuwa na cha kulipa waliingia mpaka ilipofungwa mwaka 1920. Barghash huyohuyo alileta mjini maji ya chemchemi za Bububu kwa mifereji. Wanyonge walikuwa na kisima, kata na bahari. Tena walikuwa na ada za kale kuliko majumba yote hayo: katika Siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi inaitwa Mwaka Kogwa, kuoga ndiko kulikoupa mwaka mpya mwanzo wake, kama jina lenyewe linavyosema. Kujisafisha kwa ajili ya kuanza upya lilikuwa wazo la wenyeji, wala halikuhitaji kuletwa na meli.

V. Baraza, ngoma na taarabu

Saa zikipatikana hutaka mahali. Kwa wanaume mahali pa kwanza palikuwa baraza, kiti cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba, ambapo muuza kahawa alipita na mdila wake akigonganisha vikombe. Kikombe kilikuwa kidogo na bei yake ndogo, lakini kilimpa mnywaji haki ya kukaa. Barazani paliletwa habari za meli, bei ya karafuu, hukumu za kadhi, maradhi na misiba. Mtu aliyekuwa na wasiwasi alikuja nao, akauweka mbele ya wenziwe, ukapungua kwa kugawanywa.

Kwa wanawake palikuwa na vyama vya ngoma, na lelemama ilikuwa mashuhuri kupita nyingi. Kila chama kilikuwa na wakubwa wake wenye vyeo, michango yake, na sare zake za kanga. Wanachama walisaidiana katika arusi na mazishi. Mtu aliyeletwa kisiwani peke yake alijua kuwa akifa atapata wa kumwosha na kumzika. Beni, iliyoanza katika miji ya kaskazini ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa kuiga matarumbeta ya askari, nayo ilikuwa na vyama vya namna hiyo. Si haki kuyasema mazuri yake tu. Mashindano baina ya vyama yaliwatia watu katika madeni, na fedha ya karamu moja iliweza kuwa ujira wa miezi. Wazee wa dini walilaumu, na lawama yao haikukosa sababu. Hata hivyo mshindani hushindana na aliye sawa naye. Katika uwanja wa ngoma waliokuwa watumwa walipimana wao kwa wao, wala si bwana aliyewapima.

Taarabu ilifuata njia ndefu zaidi. Sayyid Barghash aliipenda muziki ya Misri, akampeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza, na taarabu ikakaa kwanza katika majumba, ikiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Aliyeitoa taarabu majumbani akaipa Kiswahili cha watu wote ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kadiri ya mwaka 1880 katika nyumba ya kimaskini iliyoguswa na utumwa. Alipokuwa kijana aliuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini. Jamaa zake katika muziki, akina Subeti Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi Talsam, walikutana naye usiku kwa mazoezi, na majirani wa Ng'ambo wakaja kusikiliza. Waliosikiliza walisikia nyimbo zenye mambo yao wenyewe: mapenzi, dhuluma, rushwa na hukumu za mahakama. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alimwona kuwa mfano wa mtu aliyeinuliwa kwa juhudi na kipaji.

Mwaka 1928 sauti ya Siti ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Mwaka huohuo wakazi wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea, na wanawake walikuwa mbele katika mgomo huo. Hapana haja ya kudai kuwa nyimbo ndizo zilizoleta mgomo. Inatosha kutambua kuwa watu ni walewale na mahali ni palepale. Waliozoea kukutana jioni kwa kahawa, kwa ngoma na kwa taarabu walikuwa wamekwisha kujuana majina, tabia na uaminifu. Mgomo hutaka watu wanaoaminiana, na imani hiyo haikujengwa kwa siku moja. Ilijengwa katika saa zilezile zilizoitwa za uvivu.

VI. Ushahidi wa maneno

Kiswahili chenyewe kimehifadhi habari hizi. Maneno ya asili ya Kibantu katika jambo hili yanatoka katika mwili: pumzika ni jamaa ya pumua na pumzi, na tulia ni jamaa ya tua, yaani kuweka chini mzigo. Anayepumzika amerudishiwa pumzi, na aliyetulia ni kama hamali aliyefika. Maneno yaliyotoka katika Kiarabu yanaongeza mawazo mengine. Starehe na raha ni za shina moja. Burudika inatokana na ubaridi, jambo linaloeleweka upesi katika nchi ya joto. Faraja asili yake ni kufunguliwa, kama kitu kilichobana kikaachia. Wasaa unatokana na upana, na faragha na utupu: wakati ulio mtupu wa kazi za watu wengine, na mahali palipo patupu pa macho yao.

Lililo na maana kupita yote kwa makala haya ni nafasi. Neno hili linatoka katika shina lililotoa nafsi, shina ambalo katika Kiarabu linahusu pumzi. Msemaji wa Kiswahili hutumia nafasi kwa mahali na kwa wakati pia: husema hakuna nafasi chumbani, na husema sina nafasi leo. Si lazima kila msemaji awe na habari za shina hilo, wala haifai kudai kuwa mtumwa wa Unguja alifikiri mambo ya sarufi. Lakini lugha iliyoyaweka jirani maneno hayo mawili iliwapa wasemaji wake njia fupi ya kusema jambo ambalo wakubwa walihitaji ripoti nyingi kulikosa: asiyekuwa na nafasi hana pa kuiweka nafsi yake.

Kwa upande wa pili, neno uvivu limeingia katika kumbukumbu za serikali bila kuulizwa lilitoka mdomoni mwa nani. Mwanafunzi wa historia anayelikuta katika maandishi ya miaka ya baada ya 1897 hufanya vema kuuliza mara mbili: je, mtu huyo alikuwa hafanyi kazi, ama alikuwa hamfanyii kazi yule aliyeandika?

Yabaki kusemwa kuwa wasaa huu haukuwafikia wote. Suria aliyengoja mpaka mwaka 1909, mtumishi wa nyumbani aliyebaki kwa bwana wake wa zamani kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na mzee aliyekuwa hawezi tena kulima, hawaonekani sana katika habari za ngoma na kanga. Uhuru wao uliandikwa katika daftari, lakini saa zao ziliendelea kuitwa na wengine. Kwao methali ilibaki kama ilivyo, faraja ikiwa mbele na dhiki ikiwa mkononi. Waliobahatika kuzishika siku zao hawakuikanusha methali. Waliisoma kwa haraka zaidi, wakaitia faraja ndani ya juma lilelile lenye dhiki, Alhamisi na Ijumaa.